Shukrani kwa dereva wa tuktuk, Mombasa

Kaka yangu, jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma hadi leo. Nilikuwa na saa saba za kusubiri ndege nyingine, mgeni kabisa Mombasa. Ukanivusha Makupa hadi kisiwani, tukaanza na Fort Jesus kabla jua halijakaza. Ngome hiyo Wareno walianza kuijenga 1593. Uliniambia nipapase ukuta, nikahisi matumbawe yakikwaruza kiganja. Kisha Mji wa Kale: mahamri ya moto, mbaazi za nazi, kahawa chungu kwenye kikombe kidogo. Nikatoa pesa, ukaurudisha mkono wangu: “Mgeni halipi kahawa.” Saa tano ukasema turudi, foleni ya Changamwe haiaminiki. Niliiwahi ndege. Mungu akuzidishie, kaka.