Maneno ya Kiingereza yanayofanana tusiyafundishe kwa jozi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na walimu wa Kiingereza, na pia wachora mabango. Hapa Mbeya, kuanzia Mwanjelwa hadi Uyole, si ajabu kukuta duka la madaftari na kalamu limeandikwa "Stationary". Neno hilo ni la kitu kilichosimama bila kusogea, kwa mfano gari lililoegeshwa. Vifaa vya kuandikia ni "stationery". Na huku kwetu, ambako Rungwe, Njombe na Iringa kote wanafuga ng'ombe wa maziwa, kuna matangazo ya "Diary Products". "Diary" ni kitabu cha kumbukumbu za kila siku. Mambo ya maziwa ni "dairy".

Wapo wanaosema huo ni uzembe. Sikubaliani nao. Kiswahili kina irabu tano na herufi tano za kuziandika, kwa hiyo mtoto anamaliza darasa la saba akiwa na haki ya kuliamini sikio lake. Akifika kidato cha kwanza sikio linamwangusha, maana "stationary" na "stationery" hata Mwingereza huyatamka sawasawa. Anabaki kutegemea jicho, na jicho limeshiba mabango yenye makosa. Kompyuta nayo mara nyingi haimwokoi: ukaguzi wa kawaida wa tahajia huangalia kama neno lipo kwenye kamusi, na yote mawili yapo, basi mstari mwekundu hautokei.

Lakini kinachoharibu zaidi ni namna tunavyofundisha. Mwalimu anagawa ubao katikati, anapanga jozi ishirini kushoto na kulia, darasa linakariri. Maneno yaliyoingia kichwani siku moja yakiwa yameshikana hubaki yameshikana. Kwenye mtihani mwanafunzi anakumbuka vizuri kwamba yako mawili, ila hakumbuki lipi ni lipi.

Fundisha moja kwanza, tena pamoja na ndugu zake. Kila mtoto wa mjini ameshaona "butchery", "bakery" na "grocery" barabarani. Weka "stationery" katika safu hiyo ya maduka, aiandike ndani ya sentensi zake mwenyewe kwa wiki mbili, na "stationary" isitajwe kabisa. Ije baadaye, na iletwe ikiwa imefuatana na "vehicle". Kwa "diary" kuna mtego: walimu wengi huieleza kwa "daily", na "daily" ina a kabla ya i, sawa na "dairy". Hapo mwanafunzi amepotezwa na maelezo yenyewe. Afadhali asome herufi za mwanzo kwa silabi za Kiswahili, di-a, asikie kwamba i imetangulia.

Yapo ambayo sikio linayamudu, tukilitumia. "Advice", yaani ushauri, huishia na sauti ya s. "Advise", kushauri, huishia na z. "Loose", kilicholegea, ni s; "lose", kupoteza, ni z. Mwanafunzi anayeandika "I will loose my book" ameponzwa na "choose", ambayo ina z na o mbili. Mwambie waziwazi kwamba "lose" haifuati "choose", kisha umpe imla ya sentensi fupi kumi, si orodha ya maneno matupu. "Desert" ya jangwa na "dessert" ya matunda baada ya chakula Mwingereza huyatofautisha kwa mkazo: la kwanza mwanzoni, la pili mwishoni. Sisi tumezoea kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi yote mawili yanatoka sawa, na menyu ya watalii wanaokwenda Ruaha inawaandalia jangwa.

Kundi la l na r ni ugonjwa mwingine, na dawa yake ni nyingine. Lugha nyingi za nyanda hizi hazitenganishi sauti hizo mbili. Mtu anaandika barua akiomba "to correct my certificate" ilhali anataka kwenda kukichukua, yaani "collect". Karani anaelewa kwamba cheti kina kosa na anaanza kuuliza marekebisho gani. Hapa kuandika mara hamsini hakusaidii kitu. Kinachotakiwa ni dakika tano za kusikiliza kila kipindi: mwalimu anatamka "play" au "pray", "glass" au "grass", darasa linainua mkono wa kushoto kwa l, wa kulia kwa r. Mwalimu naye aanze kwa kuuzoeza ulimi wake.

Wachora mabango nawaomba wasinakili bango la jirani. Mteja aandike maneno yake kwenye karatasi kwa herufi kubwa, na kabla ya kuchapa, neno litafutwe katika kamusi na maana yake isomwe hadi mwisho. Kuona tu kwamba neno lipo hakutoshi.

Nawe Mhariri, kama ukurasa wa elimu unaweza kutoa pembe ndogo kila wiki kwa neno moja la aina hii, likiwa peke yake bila pacha wake, walimu wa shule zisizo na maktaba watalikata na kulibandika ukutani.

Mwalimu wa Kiingereza,
Mbeya