Shoga, na huku mwaloni ni usalama pia

Mwangaluka shoga yangu,

Nimeona nikuandikie maana kwa simu ungenikatisha kila dakika. Uliniuliza hilo azimio la 1325 la wanawake, amani na usalama mlilopigwa semina huko Dodoma, pamoja na rasimu ya mpango wenu wa kulitekeleza, mimi mtu wa mwaloni, huku mitumbwi ya samaki inakotia nanga, naliona vipi. Kwanza nalikubali, nisikufiche. Lilipitishwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa tarehe 31 Oktoba 2000, Namibia ndo walikuwa wenyekiti mwezi ule, likasema wanawake wawepo kwenye kuzuia migogoro, wawepo kwenye mazungumzo ya amani na walindwe vita ikipiga. Na mwaka huohuo hapo Arusha akina mama wa Burundi walikuwa wanahangaika wapate nafasi kwenye mazungumzo yao, wanaume washajaa viti vyote, mpaka wakafanya mkutano wao wenyewe mwezi Julai ndo baadhi ya hoja zao zikaingia kwenye mkataba uliosainiwa Agosti. Halafu Mama Mongella aliyesimamia ule mkutano wa dunia wa wanawake wa Beijing 1995 si mtu wa Ukerewe hapo tu, kwahiyo asije mtu akanambia haya mambo ni ya kizungu.

Ila ninyi wa ofisini mkisema usalama mnawaza jeshi, mipaka, Kongo. Amiri jeshi mkuu ni mwanamke, 2021 tukapata waziri wa ulinzi wa kwanza mwanamke, bungeni viti maalum vipo, sawa, napiga vigelegele. Huku kwetu ulinzi ni sungusungu shoga. Si unajua ilianza miaka ya 80 huku Usukumani na Unyamwezini sababu ya wezi wa ng'ombe, wanaume na pinde zao, wana ntemi wao, yaani mkuu wao, na katibu wao, yowe likilia kila mwanaume anatoka mbio. Na anayepiga yowe mara nyingi ni nani? Ni mama wa nyumba hiyo. Tukishapiga tunaambiwa rudini ndani mfunge milango, wao huko nje ndo wanaamua nani mwizi, nani alipe faini, nani ahame kijiji.

Na sungusungu haohao kuna sehemu waliwaandama bibi zetu kwa uchawi, eti ana macho mekundu. Jamani mtu kapikia kuni na mavi ya ng'ombe maisha yake yote kwenye jiko lisilo na dirisha, hayo macho yatakuwa meupe kwa dawa gani? Vizee wamekatwa mapanga Mwanza hii na Shinyanga miaka na miaka, wengine chanzo ni shamba tu, mtoto wa marehemu analitaka. Sasa nikuulize, vifo hivyo mnaviandika fungu gani la huo mpango wenu? Maana vita hatuna, lakini bibi analala anasikiliza mlango, kama hiyo siyo amani na usalama basi mimi sielewi tunaongelea nini.

Njoo mwaloni sasa. Mwongozo wa BMU, yaani vikundi vya kusimamia uvuvi kwenye mialo, wa Ziwa Victoria zima unasema kwenye kamati wanawake wasipungue watatu. Vizuri sana, ila kikao kinaitishwa asubuhi, na wewe umekulia huku unajua wakati wa giza, siku zisizo na mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa inarudi alfajiri, asubuhi yote mwanamke ananunua, anaanika, anageuza, akiacha kunguru wanakula mtaji. Halafu kwenye muhtasari wanaandika "wanawake hawajitokezi". Nilicheka kwa hasira. Na humohumo kwenye kamati anakaa mwenye mtumbwi ambaye hakuuzii samaki mpaka umkubalie mambo yake, utamshtaki kwa nani? Dawati la jinsia la polisi lipo na nalisifia, limesaidia wengi, ila mtu wa kisiwani inabidi atafute nauli ya kuvuka, afu akirudi anamkuta huyo aliyemshtaki palepale anapima mzigo.

Kwahiyo mimi maoni yangu, asilimia ngapi ya wanawake wapo siyo swali la kwanza. Swali ni kikao saa ngapi, na nani anaandika orodha ya watuhumiwa. Ukienda kwenye hicho kikao chenu pigia debe hayo mawili, sungusungu wasimjadili mtu yeyote bila wanawake kukaa pale wakisikia, na vikao vya mwaloni viwe jioni. Haviombi bajeti, ndo maana nahisi watavipuuza, hamna posho hapo hahaha.

Na hiyo rasimu nitumie ya Kiswahili, ya Kiingereza itabaki inajaza simu yangu bure. Kikoba chetu kinakaa Jumapili jioni nitawasomea wote, maswali yao nitakurushia kwa voisi, jiandae maana wale wamama hawana aibu hata kidogo.

Wako wa Kirumba