Mkifuta posti tuambieni basi

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba kanafasi kadogo, nina jambo na nyie watu wa magazeti hasa hizi kurasa zenu za Insta na X, maana mtaani kwetu gazeti la karatasi siku hizi wananunua wazee wachache tu, sisi wengine tunasikia vichwa vya habari redioni asubuhi halafu siku nzima ni simu.

Mtandao wenyewe sina ugomvi nao. Tangu mpiga picha wa habari Michuzi aanzishe blogu yake 2005, likaja jukwaa la mijadala la JamiiForums 2006 (enzi hizo Jambo Forums), tumezoea kuipata habari kabla gazeti halijamfikia muuzaji pale Posta, na yapo mambo yasingeandikwa popote kama siyo huko. Hata zilipokuja zile kanuni za maudhui ya mtandaoni 2018, wakati huo mtu wa blogu alitakiwa leseni ya zaidi ya milioni mbili, watu hawakuacha kuposti.

Kinachoniudhi ni hiki. Gazeti likikosea kwenye karatasi, kesho yake mnaweka kiboksi, "tunaomba radhi", jina lilikuwa fulani siyo fulani, yameisha. Mtandaoni mkikosea mnafuta. Kimya kimya, kama mtoto aliyevunja glasi ya wageni. Ukiuliza kwenye komenti mbona mmefuta, hujibiwi.

Juzijuzi ukurasa wa gazeti moja kubwa, silitaji, uliposti NAULI MPYA ZA DALADALA HIZI HAPA, logo juu, jedwali safiii. Kumbe LATRA, wale wanaopanga nauli, walikuwa bado wanakusanya maoni ya wadau, yale yalikuwa maombi ya wenye mabasi tu. Posti ikafutwa, lakini konda wetu wa Gongo la Mboto alishaipiga skrinishoti. Jioni tumefika Buguruni anadai mia mbili ya juu, mama mmoja kagoma, konda anamsogezea simu usoni, "mama soma mwenyewe, si gazeti hili?" Na kweli ni gazeti. Kijana wa siti ya nyuma kaingia kwenye ukurasa kuitafuta haioni, konda anamwambia bando lako limeisha wewe. Mama kalipa huku anasonya. Halafu gazeti la kesho yake lile la karatasi lilikuwa sahihi kabisa, ukurasa wa tatu, limeandikwa na mtu aliyekaa kwenye mkutano mpaka mwisho, limeeleza na hatua zinazofuata. Kampuni moja hiyo hiyo!

Mtu akitengeneza grafiki ya uongo akabandika logo yenu mnaipiga muhuri mwekundu wa FEKI ndani ya nusu saa, na hapo mnafanya vizuri, hongereni. Sasa ile mliyokosea nyie wenyewe mkaifuta, ikishazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp nitaitofautishaje na ile feki? Zote zina logo, zote ukizitafuta kwenu hazipo. JamiiCheck na Nukta Fakti wanahangaika kuhakiki mambo ya watu, nyie mnawaongezea kazi. Ghorofa lilipoanguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 kila grupu lilikuwa na idadi yake ya waliokufa, siku kama ile ndiyo mtu anahitaji chombo kimoja kimwambie ile namba ya mwanzo siyo, shika hii.

Najua matangazo yamehamia kwa Google na Facebook na bosi anataka views, kwa hiyo dawati la mtandaoni linakimbizana na online TV za vijana wenye simu na maiki. Sawa, kimbizaneni. Ila picha ya Insta haibadiliki ukishaposti lakini kapsheni inabadilika, andikeni TUMEREKEBISHA mstari wa kwanza kabisa, siyo chini baada ya hashitagi kumi. Na kama lazima mfute, wekeni nyingine yenye rangi zile zile na ukubwa ule ule iseme tulikosea wapi, siyo storii inayopotea baada ya saa 24. Na msiishie Insta tu, kwenye chaneli yenu ya WhatsApp pia, maana wazazi wetu wanasoma huko.

Ni mimi msomaji wenu,
Gongo la Mboto, Dar es Salaam