Kikoi hakichapwi: mistari ya ushuru wa vitambaa ipitiwe upya

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa ushuru wa vitambaa kutoka nje, ambao kila msimu wa bajeti ukikaribia huishia kwenye asilimia tu: wenye viwanda wanataka ipande, wafanyabiashara wa Kariakoo wanataka ishuke. Mimi ni wakala wa forodha, na kwa niyaonayo kazini, mivutano mingi bandarini haianzii kwenye kiwango cha ushuru bali kwenye swali la kitambaa kiingie namba ipi ya orodha ya ushuru.

Vitambaa vya pamba vilivyofumwa vimo katika Sura ya 52 ya mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, kuanzia namba 5208 hadi 5212. Kwa sehemu kubwa mfumo huo hauulizi kitambaa kinaitwaje sokoni. Unauliza mambo yanayopimika: pamba ni asilimia ngapi ya uzito, mpaka ukiwa 85, mita moja ya mraba ina gramu ngapi, mpaka ukiwa 200, kimefumwa kwa ufumaji wa kawaida au wa mshazari, na kama hakijapaushwa, kimepaushwa, kimetiwa rangi, kimefumwa kwa nyuzi za rangi mbalimbali au kimechapwa. Mzigo ulioandikwa "pamba" kwenye ankara ilhali poliesta ndiyo iliyozidi kwa uzito hauna nafasi katika sura hiyo. Hata pamba na poliesta zikiwa nusu kwa nusu, kanuni inaupeleka mzigo kwenye namba inayokuja mwisho kwa mpangilio, yaani Sura ya 54 au 55 kulingana na aina ya uzi wa poliesta. Na ukifika kwenye namba 5513 na 5514, mpaka wa uzito si 200 tena bali gramu 170, jambo ambalo wakala anayenakili namba kutoka kwenye ankara ya muuzaji wa nje hawezi kuligundua.

Tarakimu sita za mwanzo ni za dunia nzima. Mbili zinazofuata ni za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na hapo ndipo penye hoja yangu. Jumuiya ilitenga mistari maalumu, yaani vipengele vya orodha ya ushuru vyenye namba zake, ya kanga, vikoi na vitenge, mfano 5208.51.10, ikaiweka katika orodha ya bidhaa nyeti kwa ushuru wa asilimia 50, ilhali katika toleo la mwaka 2017 vitambaa vingine vilivyochapwa vya kundi hilo vilitozwa 25. Nia ya kuvilinda viwanda vyetu siipingi. Tatizo ni kwamba mstari huo uko chini ya vitambaa vilivyochapwa, na kikoi halisi hakichapwi. Chomoa uzi mmoja penye mlia wa kikoi utaona umekolea rangi moja mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ulitiwa rangi kabla ya kufumwa. Uzi wa kanga, kinyume chake, una mabaka, na mara nyingi upande wa nyuma umefifia. Kwa kuwa kanuni inataka tarakimu sita zithibitishwe kwanza kabla ya kushuka kwenye mistari ya Jumuiya, kikoi cha nyuzi za rangi kinakwenda 5208.41 au jirani zake, na hakifiki kabisa kwenye mstari uliotengwa kwa jina lake. Kinachofika ni kikoi cha kuiga tu: kitambaa kilichochapwa milia.

Kwa vitenge kuna mvutano wa namna nyingine. Kitambaa cha pamba cha mashati chenye maua makubwa ni kitenge au si kitenge? Mwagizaji anasema si kitenge, ofisa anasema ni kitenge, na hapo hakuna mizani wala maabara ya kuwaamua, kwa kuwa mstari unataja jina bila kutaja upana, uzito wala namna ya kuchapwa. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inampa asiyeridhika siku 30 za kuomba uamuzi upitiwe upya, lakini wakati anasubiri, kontena linaendelea kudaiwa gharama za kuhifadhiwa, na wengi huona nafuu walipe tu.

Sheria hiyohiyo inamruhusu mwagizaji kuomba uamuzi wa awali wa uainishaji kabla mzigo haujasafirishwa. Nashauri maamuzi ya aina hiyo kuhusu vitambaa yachapishwe pamoja na sababu zake, bila kutaja wahusika, na majibu ya maabara apewe mwagizaji kwa maandishi. Ama mstari wa kikoi, unahitaji kuhamishiwa kwenye vitambaa vya nyuzi za rangi mbalimbali, na wa kitenge uongezewe vipimo. Marekebisho ya ushuru wa pamoja huanza kutumika Julai, hivyo wenye viwanda na waagizaji wana kila sababu ya kulipeleka pendekezo hili wizarani mapema, angalau mara hii wakiwa pamoja.

Wakala wa forodha,
Dar es Salaam