Uache uzi wa sita uwe berimbau

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Nimekisikiliza mara tatu kipande chako cha gitaa cha capoeira, ule mchezo wa Brazili wa kupigana kwa mwendo wa ngoma. Sauti ya juu ni tamu, usiiguse. Tatizo ni besi: umeijaza noti, na berimbau ya Bahia, huko Brazili, haina noti nyingi. Ni upinde wa waya mmoja na kibuyu, wa ukoo mmoja na pinde za Angola, na husema mambo matatu tu. Waya ukiachwa wazi: dong. Sarafu ikiubana: ding, juu kidogo. Sarafu ikiugusa tu: chi, mkwaruzo.

Shusha uzi wa sita wa gitaa, ule mnene, kutoka mi hadi re. Ukiugusa kwenye freti (kijichuma cha shingo ya gitaa) ya 12, mlio wake wa kengele ulingane na uzi wa nne ulio wazi. Uzi ulioshushwa hupanda tena wenyewe, kwa hiyo subiri dakika mbili tatu, kisha utyuni upya.

Sasa kidole cha kushoto kikae juu ya freti ya 2, kisihame. Kikigusa bila kukandamiza ni chi; kikiinuka ni dong; kikibana ni ding. Kiinue wima. Ukikivuta pembeni uzi utalia kabla gumba halijaupiga, na mdundo utapoteza makali. Chi usiitafute kwenye freti ya 5, 7 au 12. Hapo utapata kengele badala ya mkwaruzo.

Mdundo wa berimbau uitwao Angola ugawe sehemu nne sawa: chi-chi, dong, ding, kimya. Ukitaka mdundo mwingine, São Bento Pequeno, geuza: chi-chi, ding, dong, kimya. Kile kimya ndicho ulichokifukia kwa noti zako, na ndicho ninachokutetea kwa nguvu zote. Ukishindwa kabisa kukiacha kitupu, gonga ubao wa gitaa taratibu kwa ncha ya kidole, badala ya caxixi, kile kikapu kidogo cha mbegu kinachotikiswa pamoja na berimbau.

Dong ipige kwa nyama ya gumba, siyo kucha, maana uzi uliolegea ukichapwa hugonga freti na kulia kama bati. Ding ipige karibu zaidi na daraja la gitaa, pale nyuzi zinapofungwa ubaoni. Tofauti hiyo ya rangi inakaribia kibuyu kinaposogezwa tumboni na kuondolewa.

Anza polepole, besi peke yake, kabla hujairudisha sauti ya juu. Nitumie rekodi ya besi tu kwanza.

Wako daima