Waite Wazee Kabla ya Michoro

Mpendwa rafiki yangu,

Nakusalimu kwa upendo, wewe pamoja na wote walio nyumbani kwako. Barua yako nimeisoma mara mbili. Nimefurahi kusikia kwamba umekabidhiwa mipango ya kuujenga upya mtaa ule wa zamani, lakini umeniambia pia kwamba wazee wataitwa kutoa maoni michoro itakapokamilika, na hapo ndipo moyo wangu ulipokataa kutulia.

Mzee anayeitwa baada ya mchoro kukamilika ameitwa kuupigia makofi. Mwaka 1969, Sherry Arnstein wa Marekani alieleza ushirikishwaji wa wananchi kwa mfano wa ngazi yenye vidato 8, na kule kupashwa habari na kuombwa maoni akakuweka kwenye vidato vya kati, ambapo mtu husikilizwa pasipo kuwa na uwezo wa kubadilisha uamuzi. Shirika la Afya Duniani, lilipotayarisha mwongozo wa miji inayowafaa wazee, uliotolewa mwaka 2007, lilianza kwa kuketi na wazee wenye umri wa miaka 60 na zaidi katika miji 33, likawauliza ni nini kinachowasaidia na ni nini kinachowakwaza. Nakuomba nawe uanzie hapo.

Usiwaite ukumbini tu, kwa maana mkutano wa jioni, katika chumba cha ghorofani, mbele ya ramani yenye maandishi madogo, umekwisha kuwachuja wasioona vizuri na wasioweza kupanda ngazi. Tembea nao asubuhi, kwa mwendo wao, ukaone wanaposimama kuvuta pumzi, kwa kuwa hapo ndipo benchi linapohitajika. Simama nao kwenye kivuko cha barabara. Taa za kuvukia mara nyingi hupimwa kwa mwendo wa mita 1.2 kwa sekunde, yaani sekunde 10 kwa barabara ya upana wa mita 12, ilhali anayekwenda mita 0.8 kwa sekunde anahitaji 15. Zile 5 zilizopungua humkuta akiwa bado katikati ya magari. Waulize pia kuhusu vyoo vya umma, maana wako wanaoacha kutoka nyumbani kwa sababu hiyo tu, nao hawatakutamkia jambo hilo mbele ya umati.

Lakini linaloniumiza zaidi ni suala la kuhamishwa. Umeandika kwamba wakazi "wataondoka kwa muda wa miaka 5 kisha watarudi". Kwako na kwangu miaka 5 ni muda wa kungoja. Kwa mwenye miaka 78 huenda ndiyo yote iliyobaki. Mtaa wa West End mjini Boston, Marekani, ulipoanza kubomolewa mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti waliozungumza na waliohamishwa walikuta huzuni iliyofanana na ya kufiwa, na kwa baadhi yao ilikuwa haijaisha hata baada ya miaka 2. Nyumba inaweza kulipiwa fidia, lakini jirani anayegonga mlango asipokuona asubuhi hana bei. Kwa hiyo waulize wazee kama ujenzi unaweza kwenda kwa awamu, ili wahamie jengo lililokamilika hatua chache kutoka walipo, na kama wanaotegemeana wanaweza kuhamishwa pamoja. Majina ya wanaotegemeana hayamo katika daftari lolote la ofisini. Wenyewe ndio wanaoyajua.

Angalia pia usije ukawasikiliza wenye hati za nyumba peke yao. Mjane aliyepanga chumba kimoja kwa miaka 30 hana karatasi ya kukuonyesha, na kwa kawaida hualikwa mwisho kama anaalikwa kabisa. Wala usidhani kwamba wazee wote watasema neno moja, kwani wako watakaotaka mabadiliko kuliko hata vijana, hasa wale wanaobeba ndoo za maji kwenye ngazi.

Kila walilosema liandikwe, na lililokataliwa warudishiwe sababu yake, mkiwa mmeketi nao ana kwa ana. Ikiwa tarehe ya kuanza michoro bado inaweza kusogezwa, isogeze kwa wiki chache, kisha uniandikie walikopumzika na waliyokuambia.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.