Barua ya Malalamiko: Stika Yenu Imefunika Viambato vya Sabuni ya Maji ya Kuogea

Chumbageni,
Tanga.
12 Machi 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Uagizaji na Usambazaji wa Vipodozi,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: STIKA KUFUNIKA ORODHA YA VIAMBATO NA KUBADILI MAELEKEZO YA MATUMIZI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Januari mwaka huu nilinunua chupa mbili za sabuni yenu ya maji ya kuogea, za mililita 500 kila moja, katika duka la vipodozi hapa Tanga, kwa shilingi 14,000 kwa chupa, na risiti ninayo. Kilichonivuta ni picha ya nazi iliyopasuliwa iliyoko mbele ya chupa, pamoja na maneno "Asilia, laini, haina kemikali" yaliyoandikwa kwenye stika nyeupe ya Kiswahili mliyoibandika nyuma. Binti yangu wa miaka tisa ana pumu ya ngozi tangu uchanga wake, na mzazi mwenye mtoto wa namna hiyo hachagui sabuni kwa kunusa bali kwa kusoma. Kwenye chupa yenu, cha kusoma kilikuwa stika hiyo tu.

Stika ilielekeza kwamba sabuni ipakwe mwili mzima, iachwe dakika kumi "ili ngozi inywe", ndipo isuuzwe, nasi tukafuata kama ilivyoandikwa. Wiki mbili za mwanzo hatukuona neno, isipokuwa ngozi kukauka na kuvuta baada ya kuoga, jambo nililolituliza kwa mafuta ya nazi. Wiki ya tatu mtoto alianza kutokwa na vipele vyekundu kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, vikapanda hadi shingoni, na usiku alijikuna mpaka shuka likapata madoa ya damu. Nami, ambaye sijapata kuugua ngozi tangu nizaliwe, niliamka asubuhi moja nikakuta katikati ya vidole vya mkono wangu wa kulia, mkono ninaoshikia dodoki ninapomwogesha, pamepasuka na panatoa majimaji. Nililaumu maji ya kisima, nikaanza kununua ya bomba kwa jirani. Nikalaumu sabuni ya unga ya kufulia, nikaiacha. Hali haikubadilika, kwa kuwa kitu pekee ambacho sikukishuku ndicho kilichoandikwa "laini".

Daktari wa ngozi aliniuliza swali moja tu: sabuni hiyo ina nini ndani yake? Sikuwa na la kumjibu. Jioni ile niliitia chupa kwenye beseni la maji ya moto, nikaisugua stika kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ikatoka vipande vipande. Chini yake ndipo nilipoikuta lebo halisi ya mtengenezaji, kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo mithili ya mbegu za mchicha. Orodha ya viambato ilikuwepo, na maelekezo yalikuwepo pia, nayo yalisema sabuni isuuzwe mara moja kwa maji mengi na kwamba mtu aache kuitumia akiona mwasho. Kwa maneno mengine, mtengenezaji alitahadharisha, na ninyi mkabandika karatasi juu ya tahadhari yake, kisha mkaandika kinyume chake.

Naomba nieleze kwa nini jambo hili si dogo. Viambato vya vipodozi huorodheshwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, na kwenye chupa yenu kilichofuata maji ni sodiamu lauri salfeti. Hicho ndicho kinachotoa povu zito, na ndicho hichohicho ambacho wataalamu wa ngozi hukitumia kwa makusudi katika majaribio yao wanapotaka kuiudhi ngozi ili wapime dawa au mafuta ya kuikinga. Hakitoi uchafu peke yake, bali huondoa pia mafuta ya asili yanayoifunga ngozi, na ngozi ya mwenye pumu ya ngozi tayari ina nyufa. Najua mtaniambia kwamba kiambato hicho kimetokana na nazi. Ni kweli kwamba asidi yake ya mafuta huweza kutoka kwenye nazi au mbegu za mchikichi, lakini mimi ni mtu wa Tanga, nazi naikuna kila siku, na nazi iliyokwisha kupita kiwandani ikaunganishwa na salfa si nazi tena ya kuchujia tui.

Lililonishtua zaidi lilikuwa mwishoni mwa orodha, kwenye majina mawili marefu yanayoishia na "thiazolinone": methili-kloro-isothiazolinoni na methili-isothiazolinoni. Hivi ni vihifadhi. Sabuni ya maji, kwa kuwa ina maji mengi, huota bakteria na ukungu isipotiwa kihifadhi, na hilo silipingi. Sabuni ya mche haihitaji sana kitu hicho kwa sababu ni kavu na ina magadi makali, na pengine ndiyo maana mama zetu walituogesha nayo, ikatukausha ngozi, lakini haikututoa vidonda vya namna hii. Hata hivyo vihifadhi hivi viwili vinajulikana duniani kwa kusababisha mzio wa ngozi. Mwaka 2013 chama cha Marekani cha wataalamu wa mzio wa ngozi unaotokana na mguso kilikitangaza hicho cha pili kuwa kizio cha mwaka, yaani kisababishi cha mzio cha mwaka huo. Umoja wa Ulaya ulikipiga marufuku katika vipodozi vinavyoachwa mwilini kuanzia mwaka 2017, na kwa vile vinavyosuuzwa ukashusha kiwango chake mwaka 2018 hadi sehemu 15 katika kila sehemu milioni moja.

Tafadhali angalieni tofauti hiyo kwa makini, kwa sababu ndiyo kiini cha malalamiko yangu. Sheria ile inatenganisha kinachosuuzwa na kinachoachwa, kwa kuwa muda kiambato kinaokaa juu ya ngozi unabadilisha madhara yake. Sidai kwamba mtengenezaji amezidisha kiwango. Inawezekana kabisa yuko ndani ya mpaka. Ninachodai ni kwamba stika yenu imeichukua bidhaa iliyopimwa kwa ajili ya kupita mwilini kwa dakika moja ikaigeuza ya kukaa dakika kumi, tena juu ya ngozi iliyokwisha kuvuliwa mafuta yake na povu hilohilo. Na mtu akishapata mzio wa vihifadhi hivi, mara nyingi hubaki nao kwa miaka mingi, kiasi kwamba hata shampuu au rangi ya ukuta yenye kiambato hicho huweza kumrudishia vipele.

Nikiwa mkweli, daktari alisema kwamba bila kipimo cha kubandika viraka mgongoni kwa siku mbili hawezi kuapa ni kiambato kipi kilichotudhuru, mimi na mwanangu. Alichokiona ni kwamba tulipoiacha sabuni yenu, na kutumia dawa ya kupaka aliyotuandikia pamoja na mafuta mgando, vipele vilianza kupungua ndani ya siku tano na vidole vyangu vikafunga ndani ya wiki tatu.

Nilipopiga simu kwenye idara yako tarehe 3 Machi, kijana aliyepokea alinijibu kwa heshima, namshukuru, lakini jibu lenyewe lilikuwa kwamba bidhaa yenu haina kemikali yoyote na kwamba huenda ngozi ya mtoto iliharibiwa na sabuni za bei rahisi. Ndugu Meneja, hata maji ni kemikali. Hakuna sabuni isiyokuwa na kemikali, na neno hilo kwenye chupa halimwambii mnunuzi kitu chochote isipokuwa kumtuliza asiulize.

Kwa hiyo naomba, ndani ya siku 21 tangu mpate barua hii, mnirudishie shilingi 28,000 za chupa mbili pamoja na shilingi 63,000 nilizolipa kwa daktari na dawa, ambazo stakabadhi zake nimeambatanisha. Lakini fedha si jambo la kwanza. La kwanza ni kuzitoa dukani chupa zote zenye stika hiyo, na mtakapobandika nyingine muibandike mahali pasipofunika viambato, mrudishe agizo la kusuuza mara moja, na muwaandikie kwa Kiswahili wenye pumu ya ngozi kwamba sabuni hii haiwafai. Maneno "haina kemikali" yaondoke kabisa. Nakala ya barua hii naipeleka Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa vipodozi, pamoja na picha nilizopiga kabla na baada ya kuitoa stika.

Chupa ya pili sijaifungua. Nimeihifadhi na stika yake nzima, na mkimtuma mtu kuja kuiangalia nitamwonyesha yote mawili, lile lililoandikwa juu na lile lililofunikwa.

Mteja wenu,

(Sahihi)
Mama Rehema

Nakala: Shirika la Viwango Tanzania (TBS)
Viambatanisho: Risiti ya dukani, stakabadhi za daktari na duka la dawa, picha sita